Ukuta wa thau 8.5: kuchagua kifaa cha mkono cha kukereza shingo za maganda ya 6 mm PPC

Bunduki ni ya risasi ya 6 mm PPC, imenunuliwa ikiwa imeshatumika, na ubavuni mwa mtutu fundi aliyeutengeneza amegonga alama: 6PPC .262. Mezani pana maganda mapya 100 ya .220 Russian kutoka Lapua, vichwa vya risasi vya 6 mm, dai za kubania (vifaa vya kurudisha ganda kwenye umbo lake), na fedha za kununua kifaa kimoja cha kukereza shingo, yaani kupunguza kwa kisu unene wa shingo ya ganda, pamoja na maikromita nzuri. Zaidi ya hapo hazipo. Mwenye bunduki yuko Marekani, anacheza ulengaji wa mezani, mchezo ambao chama cha NBRSA kimeusimamia tangu 1951, na hajawahi kukereza shingo ya ganda hata moja. Anataka kujua anunue kifaa kipi.

Akiuliza klabuni atatajiwa majina ya kampuni, kila mtu na lake. Majina hayo yote yanaweza kuwa mazuri na bado yakamwacha na maganda 100 mabovu, kwa kuwa kazi hii haiharibikii kwenye nembo ya kifaa. Inaharibikia kwenye ulingano wa kitanuzi (kinachopanua shingo kwa ndani) na mandreli (fito ambayo shingo huvishwa wakati wa kukatwa), na kwenye namna ganda linavyoshikwa. Ndiyo maana uchaguzi hapa unaanzia kwenye chemba, sehemu ya mtutu inayopokea risasi, unapita kwenye ganda, halafu ndipo unafika dukani.

Vipimo vitatajwa kwa inchi, kwa sababu vifaa vingi vya kazi hii vimegawanywa kwa inchi. Thau moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani mm 0.0254. Sehemu ya kumi ya thau ni mm 0.0025, na kipimo hicho kidogo ndicho tunachokihangaikia hapa.

Chemba inadai nini

Risasi ya PPC ilibuniwa miaka ya 1970 na Louis Palmisano na Ferris Pindell, Wamarekani wawili waliolichukua ganda la .220 Russian, lenye asili ya 7.62×39, wakalipa bega (mteremko kati ya mwili na shingo) kali la nyuzi 30. Herufi PP ni za majina yao. Mafundi wengi wa mitutu ya mashindano huikata shingo ya chemba yake kwa kipenyo cha inchi 0.262, ambacho ni kidogo kwa makusudi. Ganda lisilokerezwa haliingii humo.

Hesabu ni fupi. Kichwa cha 6 mm kina kipenyo cha inchi 0.243. Ukuta wa shingo ya .220 Russian, ikishatanuliwa kutoka .22 hadi 6 mm, huwa karibu thau 12, kutegemea toleo. Kuta mbili ni thau 24, ukijumlisha na kichwa unapata 0.267. Chemba ni 0.262. Lazima brasi ipungue.

Ipungue hadi wapi? Risasi iliyojazwa ikiwa na shingo ya 0.260, inabaki nafasi ya thau 2 kwa jumla, yaani thau moja kila upande. Toa 0.243 kwenye 0.260, gawanya kwa mbili: ukuta wa thau 8.5. Wapo washindani wanaoacha nafasi ya thau 1.5 au hata moja tu. Kwa anayeanza hilo halifai, kwa sababu linamlia akiba ya makosa. Akilenga 8.5 na kukosea kwa sehemu mbili za kumi za thau kila ukuta, shingo yake itakuwa kati ya 0.2596 na 0.2604, na bado nafasi ya thau 1.6 ipo.

Akiba hiyo haiwekwi kwa ajili ya urembo wa makundi ya matundu shabahani. Bunduki inapofyatuliwa, shingo hupanuka na kukiachia kichwa. Shingo ikiwa imebanwa na chemba pande zote, kichwa hakiachiliwi kama kawaida na shinikizo hupanda kupita lile lililokusudiwa. Ganda la 0.267 halina hatari kubwa maana bolti, kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma, itakataa kufunga na mtu atashtuka. La kuogopwa ni la 0.262, lile linaloingia kwa kusukumwa kidogo.

Kabla ya kuiamini tarakimu iliyogongwa mtutuni, ipimwe. Bunduki iliyotumika huweza kuwa imekatwa tena chemba na fundi mwingine aliyesahau kubadili alama. Njia safi ni kumimina Cerrosafe, aloi inayoyeyuka kwa joto dogo, na kupima umbo linalotoka kwa kufuata muda ulioandikwa kwenye maelekezo yake, kwani aloi hiyo husinyaa kwanza kisha ikajitanua. Kama muuzaji alitoa pia maganda aliyoyafyatua katika bunduki hiyo, shingo zake zipimwe kwa nje: brasi hurudi nyuma kiasi cha thau moja baada ya kufyatuliwa, kwa hiyo chemba ya 0.262 hutoa ganda lenye shingo ya karibu 0.261. Ikisoma 0.265, alama ya mtutuni si ya kweli na hesabu yote inaanza upya.

Kifaa chenyewe kina nini ndani

Vifaa vyote vya aina hii vina kiini kimoja. Kuna mwili wa chuma au aluminiamu, mandreli iliyosimama katikati, na kisu kinachoielekea mandreli kutoka ubavuni. Shingo huvishwa juu ya mandreli, ganda likazungushwa, na kisu kikakata upande wa nje. Nafasi kati ya kisu na mandreli ndiyo unene wa ukuta utakaobaki. Kwa hiyo mandreli ni rula ya kazi nzima. Shingo ikicheza juu yake, kisu huisukuma pembeni na kukata zaidi upande mmoja. Ikibana mno, joto linapanda, brasi inaanza kung'ang'ania chuma, na shingo inatoka na mikwaruzo ndani.

Utaratibu uliozoeleka ni huu: kitanuzi kiwe pungufu ya kichwa kwa thau moja, na mandreli ya kukerezea pungufu kwa thau mbili. Kwa 6 mm ni kitanuzi cha 0.242 na mandreli ya 0.241. Brasi ikishapita kwenye kitanuzi hurudi kidogo, na shingo inabaki ikiteleza juu ya mandreli kwa msuguano unaosikika mkononi bila kuchezacheza. Kila mtengenezaji huunda jozi hii kwa mizani yake, naye hajui kitanuzi cha mwenzake kina kipenyo gani. Kununua kifaa cha kampuni moja na kutumia kitanuzi cha dai ya kubania ya kampuni nyingine ndiyo akiba ya pesa inayogharimu kuliko zote katika kazi hii. Jozi inunuliwe pamoja, au isinunuliwe.

Mandreli za chuma cha kawaida hufanya kazi, zikipakwa mafuta bila uchoyo. Zilizopakwa nitridi ya titani hushikwa na brasi kwa shida zaidi. Za kabaidi ni bora kwa sababu mbili: brasi haizing'ang'anii kirahisi, na kabaidi hupanuka kwa joto karibu nusu ya chuma. Ubaya wake ni kuvunjika ikidondoka sakafuni. Kama fedha zinaruhusu nyongeza moja tu, iwe hiyo, hata kabla ya piga la kupimia.

Sasa piga. Vifaa vingi vya siku hizi vina duara lenye mistari ya sehemu moja ya kumi ya thau, na wanunuzi hulitazama kama ndilo kipimo. Tarakimu za piga zipo za kumrudisha mtu alipokuwa jana. Hazimwambii ukuta una unene gani. Mandreli ikibadilishwa, kisu kikinolewa, skrubu ya kukaza ikizungushwa robo, tarakimu ileile itatoa ukuta tofauti. Unene husomwa kwenye maikromita peke yake. Hata hivyo piga lina faida halisi katika kisa hiki, kwa sababu brasi ya kuondoa ni nyingi na itabidi kukata mara mbili, kila mkato na mpangilio wake.

Kisu kiangaliwe mambo mawili. Kona yake ya mbele ilingane na bega la chemba, na kwa PPC hiyo ni nyuzi 30. Watengenezaji wazuri huuza visu vya nyuzi mbalimbali, na kile cha risasi ya kijeshi chenye kona ya nyuzi 20 hakifai hapa. Pili, uso wa kukatia uwe na sehemu ndogo bapa. Kisu chenye ncha kali tupu huacha mistari kama ya uzi wa skrubu, na maikromita hupima vilele vya mistari hiyo, si mabonde.

Aina nne, na tatu zinazoondoka mezani

Aina ya kwanza ni mashine ndogo yenye mkono wa kuzungusha, hufungwa kwenye jiliwa, na skrubu ndani yake husogeza ganda mbele taratibu. Hornady wanayo ya namna hii. Mwendo wa kisu ni sawa kila mara na mkono hauchoki. Lakini ganda limeshikwa kwa nguvu nyuma na mandreli iko imara mbele. Kitako cha ganda kisipokuwa mraba kabisa na mwili wake, na vitako vingi si mraba kabisa, shingo inalazimishwa kukaa upande juu ya mandreli. Kwa maganda ya bunduki ya kuwindia, ambako nia ni kufuta uvimbe wa upande mmoja tu, hilo halina neno. Kwa chemba ya .262 ni kamari.

Aina ya pili ni lathi ndogo ya mezani inayozungushwa kwa mkono, kama ile ya 21st Century, ambamo kishikio cha kisu kimeachwa kikielea ili kijipange chenyewe na ganda. Kazi yake ni safi sana. Bei yake ni mara kadhaa ya kifaa cha mkononi, na kwa maganda 100 yatakayojazwa tena na tena kwa msimu mzima haina sababu. Mtu anayekereza mamia kila mwaka, au mwenye viganja vyenye maumivu ya viungo, aifikirie.

Tatu ni kifaa chepesi cha mkononi ambacho kisu chake hushikwa na skrubu moja tu, bila piga. Wengi wamejifunzia hicho na hakuna ubaya katika matokeo yake. Shida ni muda: unalegeza, unasogeza kwa kubahatisha, unakaza, na kule kukaza kwenyewe kunakisogeza kisu sehemu mbili tatu za kumi za thau. Anayetakiwa kupata vipimo viwili tofauti kwa mikato miwili atapoteza maganda mengi ya kujaribia.

Inabaki aina ya nne: kifaa cha mkononi chenye mwili mzito kiasi, marekebisho ya nyuzi nyembamba au piga, na kisu kinachofungwa kwa skrubu ya pembeni isiyokisukuma. K&M, Sinclair, 21st Century na PMA wote wana vifaa vya kundi hili, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtumiaji mwenye haraka na asiye na haraka. Kwa nini cha mkononi kinaweza kuishinda mashine iliyofungwa kwenye jiliwa? Kwa sababu mkono unaelea. Ganda likiyumba kidogo kwenye kishikio chake, kifaa kinafuata, shingo inabaki imekaa sawa juu ya mandreli, na ukuta unatoka sawa. Hili lina sharti lake: kifaa kishikwe kwa vidole bila kukakamaa. Anayeking'ang'ania kama nyundo anaufuta ubora aliolipia.

K&M huuza pia mandreli ya kabaidi yenye ncha ya kukatia, ambayo huondoa ile pete ya brasi nene inayojitokeza ndani, chini ya shingo, ganda dogo linapotanuliwa. Kwa kuwa .220 Russian inatanuliwa kutoka .22, pete hiyo itakuwepo. Lakini vichwa vya PPC vya grain 65 hadi 68 ni vifupi na hupachikwa juujuu, kitako chake hakifiki huko. Mnunuzi wetu aiache. Angekuwa na risasi yenye vichwa virefu vinavyoshuka hadi begani, jibu lingekuwa kinyume.

Kuhusu mwili, chuma au aluminiamu? Aluminiamu ni nyepesi na haichoshi, ila hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kwa kila inchi moja ya aluminiamu, joto likipanda nyuzi 20 za Selsiasi, urefu huongezeka karibu nusu thau. Kisu na mandreli navyo hupanuka kuelekeana na kufidia sehemu ya ongezeko hilo, ila si lote, na kinachobaki kinaonekana kwenye maikromita. Wenye vifaa vya aluminiamu hupumzisha kifaa kila baada ya maganda machache, au huwa na viwili wakibadilishana. Mwenye fedha za kimoja achague cha chuma kama uzito haumsumbui.

Kwa hiyo orodha ya ununuzi ni: kifaa cha aina ya nne chenye kisu cha nyuzi 30, mandreli ya kabaidi ya 6 mm, kitanuzi cha 6 mm cha kampuni hiyohiyo, kishikio cha ganda cha kitako cha PPC chenye mkia wa kuingia kwenye skrudraiva ya betri, na maikromita yenye ncha ya tufe inayosoma sehemu ya kumi ya thau. Vernia kaliba haihesabiki hapa, kwani usahihi wake ni thau moja na sisi tunatafuta sehemu ya kumi ya hiyo. Fedha zikipungua, kiachwe kifaa chenye piga na kinunuliwe cha skrubu. Maikromita isiachwe.

Kazi kwa mpangilio wake

Toa maganda matatu kwenye yale 100, yawe ya kujaribia. Yatoke kwenye toleo hilohilo, kwa sababu ugumu wa brasi na unene hubadilika kutoka toleo hadi toleo.

Tanua shingo zote kutoka .22 kwa kitanuzi chenye mchongoko mrefu, ndani kukiwa kumepakwa nta ya kubania kama Imperial, kisha upitishe kitanuzi cha 0.242. Pitisha kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukisimama katikati, pale uliposimama pataacha mkunjo. Midomo itatoka si sawa, na maganda yatafupika kwa viwango tofauti.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kukereza, yapunguze yote yafikie urefu wa lile fupi kuliko yote, na uondoe makali ya mdomo ndani na nje. Wengi huona hatua hii kama usafi wa mwisho na kuiahirisha. Lakini katika kifaa hiki, mdomo wa ganda ndio unaogota kwenye kizuizi na kukiambia kisu kisimame. Maganda mawili yanayotofautiana urefu kwa thau 5 yatakatwa thau 5 tofauti kwenye bega.

Panga mkato wa kwanza ubakishe thau 9.5. Kwa ganda la kujaribia anza na kisu kikiwa mbali, kata upana mdogo tu mdomoni, futa, ngoja lipoe, pima. Sogeza, kata tena. Ukishafika, kaza skrubu ya kufungia kisha ukate upya na kupima upya, maana kukaza hukisogeza kisu. Baada ya hapo panga kizuizi cha urefu. Kisu kinatakiwa kugusa mwanzo wa bega na kuacha mng'aro mwembamba, wa upana wa mstari wa kalamu. Kisipofika begani, chini ya shingo utabaki ukanda usiokatwa wenye unene wa zamani, na katika chemba ya .262 ukanda huo unatosha kuizuia bolti. Kikizama begani, umechora mfereji pale ambapo ganda hukunjwa kila likibanwa, na baada ya kufyatuliwa mara chache shingo inaweza kukatika na kubaki ndani ya chemba. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza linatengenezeka.

Skrudraiva izunguke taratibu na kwa kasi isiyobadilika, mizunguko 200 kwa dakika inatosha. Shingo ina urefu wa karibu inchi 0.3. Ukisogeza thau 4 hadi 5 kwa kila mzunguko, mkato unachukua mizunguko 60 hadi 75, yaani sekunde ishirini hivi. Anayemaliza kwa sekunde sita anachonga uzi wa skrubu. Ukifika begani acha ganda lizunguke mara tatu nne papo hapo, halafu lirudi taratibu likiwa bado linazunguka. Paka mafuta kidogo kwenye mandreli kwa kila ganda, na ufute chipsi za brasi kwa brashi. Chipsi moja ikinaswa kati ya mandreli na shingo huinyanyua brasi kuelekea kwenye kisu, na pale ukuta hutoka mwembamba bila sababu inayoonekana.

Maganda yote 97 yapitie mkato wa kwanza kabla ya kugusa mpangilio. Hapa ndipo ulipo ujanja wa kufanya kazi na kifaa kimoja: huhitaji kurudi na kwenda kati ya vipimo viwili, kwa hiyo kosa la kurudi halipo. Pitisha kitanuzi tena, kwa sababu ukuta uliopungua haurudi nyuma kama ule wa mwanzo na mshiko wa mandreli umebadilika. Kisha panga upya kwa maganda yaleyale ya kujaribia hadi thau 8.5, na ukate mara ya pili. Mkato huu unaondoa thau moja tu, joto ni kidogo, na uso unatoka laini. Kujaribu kuondoa thau 3.5 kwa mkato mmoja kunawezekana, kwa maana kwamba kisu kitakata, lakini shingo huchemka, mandreli hupiga kelele, na ganda la ishirini halifanani na la kwanza.

Pima kila ganda la tano, sehemu nne kuizunguka shingo, likiwa limepoa. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ni kazi nzuri, mbili zinakubalika. Namna ya tofauti ndiyo inayotaja ugonjwa. Ukuta ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili wa ganda lilelile, shingo inacheza juu ya mandreli au mkono umekakamaa. Ukuta ukiwa sawa pande zote lakini ukabadilika polepole kutoka ganda hadi ganda, ni joto. Ukiruka ghafla na kubaki huko, skrubu imelegea. Mdomoni ukiwa tofauti na chini, kitanuzi hakikufika mwisho.

Baada ya hapo tengeneza risasi tatu za mfano: kichwa kimepachikwa, hakuna baruti, hakuna kiwashio. Zipime kwa nje kwa maikromita ya kawaida ya inchi 0 hadi 1, chini, katikati na juu ya shingo. Vichwa vingi vya mashindano vina ukanda mnene kidogo karibu na kitako, kwa hiyo pale kitako kilipo ndani ya shingo patasoma zaidi ya kwingine. Usomaji mkubwa kuliko wote ndio wa kuhesabiwa, na usipite 0.2605. Ukipita, ni kukata tena na si kujaribu bahati. Ukikuta 0.2590, maganda bado yanafaa. Shingo zitafanya kazi zaidi kila zikifyatuliwa na kubanwa, na zitachoka mapema.

Maganda haya yawe na kisanduku chao na maandishi makubwa: PPC, chemba .262, ukuta 8.5. Mitutu ya PPC yenye shingo pana zaidi, isiyohitaji kukereza, ipo, na klabuni maganda yake hukaa meza jirani na haya. La kwao, lenye shingo nene, halina nafasi katika chemba yako.

Baada ya kuyafyatua kwa mara ya kwanza ili yachukue umbo la bega la nyuzi 30, kwa kipimo cha baruti kilicho kwenye kitabu cha mtengenezaji, chukua ganda kabla ya kulibana na ujaribu kudondosha kichwa kipya mdomoni mwake. Kinatakiwa kupita kwa uzito wake wenyewe bila kusukumwa. Kikigoma kwa urefu wote wa shingo, nafasi haitoshi: rudi kwenye risasi za mfano na maikromita kabla ya kufyatua nyingine yoyote. Kikigoma mdomoni tu halafu kikashuka bila tabu, kagua urefu. Ganda refu kupita chemba hugota mbele, na mdomo wake ukakunjwa kuelekea kwenye kichwa. Hapo kisu cha shingo hakina kosa, na dawa yake ni kupunguza urefu.